Mjane wa Kivukoni, Aolewe Asiolewe?

Guangzhou, 14 Septemba 1986

Mdogo wangu Lap-man,

Natumai milima ya Guizhou haijakumeza, wewe na hilo bwawa lenu. Huku joto bado limetung'ang'ania. Paka wanalala juu ya vigae vya sakafu, nami natamani kulala nao.

Nakuandikia kwa sababu ya Mama. Usishtuke, si mgonjwa. Angekuwa mgonjwa ningejua la kufanya. Kila Jumanne baada ya chai anachana nywele, anabana pini yake ya fedha, anavaa blauzi iliyopigwa pasi, huyoo anatoka. Nikimuuliza anakwenda wapi, anasema, "Sokoni." Majirani wananiambia anarudi saa sita mikono mitupu. Juzi nilimwambia, "Mama, soko gani hilo lisilouza hata kitunguu?" Akanijibu bila kupepesa, "Bei zimepanda."

Mimi asubuhi niko shuleni, nafundisha watoto kuimba, siwezi kumfuata. Kwa hiyo nimebaki na mawazo yangu. Mtu wa miaka hamsini na tisa, mjane, pini ya fedha. Jaza mwenyewe.

Magazeti ya jioni ya wiki mbili nimekufungia ndani ya kifurushi hiki. Usianze na habari za michezo. Fungua ukurasa wa nne, hadithi inayoendelea, "Mjane wa Kivukoni". Kichochoro chetu kimepagawa nayo. Unakumbuka Mama alivyokuwa akiwasomea wazee gazeti pale ngazini baada ya chakula? Zamani walitaka hali ya hewa, bei za nguruwe na nani kafumaniwa akiiba baiskeli. Siku hizi akianza na hali ya hewa, Bi Tong anampigia kelele: "Bi Luk, mvua tutaiona wenyewe! Twende kivukoni!" Bi Tong huyo huyo mwenye televisheni peke yake kichochoroni anaizima saa moja kamili ili asikilize gazeti.

Kisa chenyewe ni cha mwanamke aitwaye Ah Kiu, muuza uji wa mchele penye kivuko cha mto. Mumewe amekufa, watoto wamekua. Kuna mwendesha mashua, Bwana Ho, anayekula uji pale kila alfajiri na kuosha bakuli lake mwenyewe kabla ya kuondoka. Sasa Bwana Ho amemposa. Mwandishi anajiita "Jani la Chai". Bi Tong anaapa kwamba ni mwanamume, tena aliyekatwa mguu. Usiniulize ameutoa wapi huo mguu.

Vaa soksi.

Dada yako,
Pui-shan


Kambi ya Bwawa, Guizhou, 27 Septemba 1986

Dada,

Umeniletea balaa. Kifurushi kilifika jioni, nikafungua gazeti moja nikiwa foleni ya chakula, mpishi wetu akalisoma juu ya bega langu. Huyu Mzee Wei ni mtu wa Kaskazini, hajawahi kuona Guangzhou wala kivuko chake, na sasa hanipi nyama mpaka nimsimulie kilichofuata. Nikamwambia, "Mzee Wei, kilichofuata kiko njiani kwenye treni." Akanipimia kabichi.

Siku hizi nasoma kwa sauti baada ya zamu, wanaume arobaini wamekaa juu ya mifuko ya saruji. Kambi imegawanyika. Mzee Wei ni mgane, anasema mjane aolewe kesho asubuhi. Vijana wengi wako naye. Mimi niko upande wa pili na nimesimama peke yangu kama nguzo ya simu. Nasema asiolewe! Ana watoto wazima, ana uji wake, ana jina lake kivukoni. Anamtafutia nini mwanamume mwenye mashua inayovuja? Na huko kuosha bakuli ni ujanja mtupu. Hata mimi nilikuwa naosha bakuli nilipotaka kitu kwa Mama.

Kuhusu Mama, acha kuwaza. Amepata wenzake wa kucheza majong, anaona haya kukuambia. Utaona mwenyewe siku akirudi amekula pesa za watu.

Tuma magazeti haraka. Ninakonda.

Lap-man


Guangzhou, 6 Oktoba 1986

Mwanangu Lap-man,

Dada yako amenisomea barua yako. Hapana, sikusema kweli, niliikuta mezani nikaisoma mwenyewe. Kile kipande cha majong sikukipenda. Mimi pesa za watu sizili.

Suruali ya pamba niliyokushonea iko tayari, nimeizidisha kiuno kwa sababu sikuamini kwamba unakonda. Mlango wa jikoni umetengenezwa. Mzee wa ghorofani amenunua ndege wa kuimba ambaye haimbi.

Nimefurahi kusikia kwamba huko mnasoma ile hadithi. Huku Bi Tong haelewani na yule mwanamke bahili wa hadithini, wifi yake Ah Kiu, anayehesabu punje za chumvi na kuchungulia vyungu vya jirani. Jana alipiga paja akasema, "Watu wa namna hiyo mimi nawajua! Wanakera!" Halafu akanyanyuka akafunua sufuria yangu kuona nimepika nini. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Nilitaka kukuuliza kitu, si kikubwa. Huyo mjane, wewe kwa kweli unaonaje? Si kwa kuwabishia wapishi. Nakuuliza kwa kuwa wewe ni mtoto wa kiume, nawe umefiwa na baba, na katika hadithi mna mtoto wa kiume aliyefiwa na baba, anafanya kazi mbali. Mwandishi bado hajatuonyesha moyo wake. Nimebaki nikijiuliza yeye angesemaje. Nijibu ukipata nafasi.

Kula mboga.

Mama yako,
Luk Sau-king


Kambi ya Bwawa, 19 Oktoba 1986

Mama, shikamoo.

Suruali imefika. Kiuno kinatosha watu wawili, nashukuru, kuna rafiki yangu hana.

Umeniuliza kwa dhati, nakujibu kwa dhati. Huyo mtoto wa mjane angekataa. Hebu mfikirie: yuko mbali, usiku anapolala anajua nyumbani kila kitu kiko mahali pake, picha ya baba ukutani na mama chini yake. Halafu anapata habari kwamba kuna mtu ameingia ameweka viatu vyake mlangoni. Atarudi nyumbani kama mgeni. Atamwita nani? Baba? Watu watamcheka, watasema mama yake aliona njaa gani uzeeni. Mwanamke mwenye heshima zake angesema, "Bwana Ho, ahsante, nenda ukale uji kwingine," na mambo yakaisha.

Mwandishi akimwoza, mimi nitaacha kusoma. Mwambie Bi Tong nimesema.

Nakukumbuka sana, na supu yako ya mzizi wa yungiyungi pia.

Mwanao,
Lap-man


Guangzhou, 8 Novemba 1986

Mdogo wangu,

Umeshasoma? Au kifurushi bado kiko kwenye treni? Basi keti chini. Ah Kiu amekataa.

Ilikuwa Jumatano. Mama alisoma polepole kuliko kawaida. Ah Kiu anachukua bakuli mkononi mwa Bwana Ho, analiosha yeye mwenyewe, anasema, "Bwana Ho, ahsante, nenda ukale uji kwingine." Naye Bwana Ho anafungua kamba ya mashua, anateremka na mto. Mwisho wa sehemu hiyo.

Tulimsikia yule ndege wa ghorofani akikwaruza tundu lake. Halafu Bi Tong akasimama. "Ng'ombe!" akasema. "Huyu Jani la Chai ni ng'ombe! Nikimkamata nitamnyonyoa!" Akalipokonya gazeti mkononi mwa Mama, akalikanyaga, akaliokota, akalipangusa, akamrudishia. "Samahani, Bi Luk. Si kosa lako."

Si kichochoro tu. Asubuhi kwenye mkahawa wa chai meza zote zilikuwa na ugomvi huohuo, watu wameacha maandazi ya mvuke yanapoa. Mwalimu mwenzangu amemnunia mumewe kwa sababu mumewe alisema Ah Kiu kafanya vizuri. Gazeti limeandika kwamba barua za wasomaji zimejaa vikapu, na kwamba hadithi itafika mwisho kabla ya mwaka mpya.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni Mama. Jumanne iliyopita hakutoka. Nilikuwa na likizo ya nusu siku, nilijiandaa kabisa kumfuata, nimevaa viatu visivyolia. Alikaa dirishani akimenya njugu ambazo hakuzila. Pini ya fedha imerudi sandukuni. Supu anatia chumvi mara mbili. Nikimuuliza, "Mama, leo huendi sokoni?" anasema, "Nimechoka na soko."

Kama ni mtu, Lap-man, basi amekwenda. Nami sijui nimkasirikie nani. Nikwambie kitu: mwezi uliopita aliniuliza mimi pia kuhusu huyo mjane, tukiwa tunachambua mchicha. Nami nikasema, "Mama, umri huo wa nini tena?" Nilisema hivyohivyo tu, mikono ikiwa na kazi.

Pui-shan


Kambi ya Bwawa, 20 Novemba 1986

Dada,

Hadithi ilikwenda kama nilivyotaka, na nimejuta.

Niliisoma mbele ya watu, nikafika pale "nenda ukale uji kwingine". Nilishtuka kidogo, ni maneno kama yangu, nikadhani wenye akili hufikiri sawa. Nikainua kichwa kupokea pongezi. Hakuna aliyenitazama. Mzee Wei akafuta mikono kwenye aproni, akaniuliza, "Umefurahi?" Nikasema, "Ndiyo haki." Akasema, "Kijana, wewe umewahi kupika chakula cha mtu mmoja? Unajua mchele wa mtu mmoja unavyoungua haraka?" Akaenda kulala. Siku ile hatukupata chai.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza sufuria ya Mama. Wewe unakula shuleni mchana. Mimi niko huku. Mama anapika nini mchana, Dada? Anamwambia nani kwamba chumvi imezidi?

Hizo Jumanne zake zinanitia wasiwasi sasa. Kama kuna mtu, mtafute, umwone sura. Usimkaripie Mama.

Lap-man


Guangzhou, 30 Novemba 1986

Lap-man,

Kaa chini tena. Mara hii shikilia kitu.

Jana jioni Mama alikuwa ngazini anasoma, ile sehemu ambayo Ah Kiu anakwenda kivukoni alfajiri na kukuta maji matupu. Watu wamejaa hadi barabarani, wengine wametoka mtaa wa pili na vigoda vyao. Mimi nimesimama nyuma yake kabisa, namshikia kikombe cha chai. Mara umeme ukakatika, kichochoro kizima, taa ya ngazini, nyumba zote, hadi duka la pembeni. Giza la ndani ya chungu.

Na Mama akaendelea kusoma.

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nasikiliza kama wenzangu. Ah Kiu akaweka sufuria chini, akaita jina la mashua, akasikia mwangwi wa sauti yake, akacheka peke yake kwa aibu. Bi Tong anapenga kamasi gizani. Kisha nikatazama mikono ya Mama, au pale mikono yake ilipopaswa kuwa, nikaona sioni gazeti. Hakuna aliyeona gazeti. Alifika hadi nukta ya mwisho, hata hakujikwaa. Umeme uliporudi gazeti lilikuwa limekunjwa mapajani mwake, miwani iko kichwani.

Watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka! Bi Tong peke yake alisema, "Bi Luk, una macho ya bundi," akazima sigara, akaingia ndani.

Nilimfuata Mama jikoni nikafunga mlango. Nikasema, "Jani la Chai."

Akageukia birika. "Unataka chai?"

"Mama!"

Akakaa kwenye kigoda. Akacheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena, nami nikafuata nyuma kwa mpangilio huohuo. Mama yetu, Lap-man! Mfanyakazi wa kiwanda cha viberiti aliyejifunza kusoma katika darasa la jioni akiwa mkubwa! Mji mzima unagombana na waume zake kwa ajili ya mwanamke huyu anayejifanya hajui bei ya kitunguu! Anasema zamani kiwandani mikono ilikuwa na kazi ila kinywa kilikaa bure, kwa hiyo aliwasimulia wenzake visa wakati wa kujaza masanduku. Mwaka jana akaona bora aandike kimoja. Jumanne ndiyo siku ya kupeleka kurasa.

Nikamuuliza, "Na mwendesha mashua?"

Akanyanyuka akatia majani ya chai kwenye birika. "Hana mashua," akasema. "Anapanga herufi kwenye matbaa ya gazeti."

Anaitwa Bwana Fung Chiu-nam. Ni mgane, hana watoto. Mwandiko wa Mama hakuna aliyeweza kuusoma pale gazetini ila yeye, basi kila ukurasa wake alipewa yeye aupange, herufi moja moja za madini ya risasi. Akawa anamngoja Mama langoni kila Jumanne kumuuliza itakuwaje wiki ijayo. Mwanzoni mwa Septemba alimuuliza kitu kingine.

Mama hakuthubutu kutuuliza uso kwa uso. Akamweka Ah Kiu mbele yake kama pazia, akatuuliza kupitia pazia. Mimi nikasema, umri huo wa nini. Nawe ukajibu kwa barua! Kurasa nzima! Ameiweka barua yako chini ya godoro. Anaijua kwa moyo kama alivyojua ile sehemu ya jana. "Nenda ukale uji kwingine" ni maneno yako, mjinga wewe, hakubadilisha hata nukta.

Ameniapisha nisikwambie. Nimeapa nikiwa nimeshika kalamu.

Dada yako


SIMU YA MAANDISHI
Guizhou, 7 Desemba 1986
Kwa: Luk Sau-king, Guangzhou

MJANE AOLEWE. BWANA HO ARUDI HARAKA. MTOTO WA KIUME ALIKUWA MPUMBAVU. BARUA YAJA. LAP-MAN


Kambi ya Bwawa, 7 Desemba 1986

Mama,

Natumaini simu imekufikia. Nilishuka mjini kwenye lori la kokoto ili niipeleke. Binti wa posta alihesabu maneno kwa kalamu, akafika kwa Bwana Ho, akasimama. "Huyu ni Bwana Ho wa kivukoni?" Nikasema ndiye. Akasema, "Shangazi yangu yuko Guangzhou, ananitumia magazeti." Akageuka nyuma akaita, "Njooni! Kuna mtu anamwoza mjane!" Wafanyakazi wote wa posta wakaja dirishani. Mama, nimepeleka simu yako huku watu wa mji nisioujua wakinipongeza.

Sasa niseme lile lililonileta. Nitasema habari za mtoto wa Ah Kiu, maana nawe uliniuliza hivyo.

Yule mtoto alisema atarudi nyumbani kama mgeni. Lakini yeye anarudi mara moja kwa mwaka, anakula, analala, anaondoka na mifuko miwili ya soseji. Mgeni ni yeye tangu zamani. Alitaka mama akae chini ya picha asiondoke, kusudi yeye huko aliko alale usingizi. Hakujiuliza mama analalaje. Picha ya baba ibaki ukutani, baba alikuwa mtu mwema, angempisha mgeni kiti. Na kuhusu viatu vya mtu mlangoni, mtoto yule amefikiri tena, ameona kwamba mlango usio na viatu ni mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Mama, sijui Bwana Ho anafananaje. Ila mtu anayeweza kusoma mwandiko wako ana subira ya kutosha kuishi nawe. Mimi barua zako huzisoma mara tatu, na bado sijui kama ulishona suruali au ulishona siafu.

Nisamehe. Mrudishe.

Mwanao


Guangzhou, 22 Desemba 1986

Mwanangu,

Leo ni sikukuu ya katikati ya majira ya baridi, nimepika maandazi madogo ya mchele kwenye sharubati ya tangawizi, na mikono yangu ina unga, kwa hiyo mwandiko leo una sababu.

Simu yako niliipokea ngazini mbele ya watu. Bi Tong akataka kujua nani amekufa. Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa. Lap-man ana maoni kuhusu hadithi." Akasema, "Kwa simu? Mwanao huyu ana akili! Siku zote nimesema!" Barua yako nilisubiri nikaisomea jikoni. Ya zamani nimeitoa chini ya godoro. Sikuichana. Nimefungia nayo njugu za Bi Tong.

Nitakueleza lilivyokuwa, maana dada yako atalitia chumvi.

Ile sehemu ya kukataa ndiyo lilikuwa jibu langu kwa Bwana Fung. Sikuwa na uso wa kumwambia. Niliacha kurasa kwa mlinzi wa lango nikaondoka mbio kama mwizi wa kuku. Sikufikiri, mwanangu, au nilifikiri nikajifanya sikufikiri, kwamba ni yeye atakayezipanga. Alisimama pale mbele ya rafu akaokota jibu langu herufi kwa herufi mpaka likaisha. Na halikuwa na kosa hata moja. Niliangalia.

Baada ya simu yako niliandika sehemu mpya. Jumanne nikabana pini yangu, nikapita langoni bila kusimama, nikapanda hadi chumba cha matbaa. Alikuwa amenipa mgongo, aproni nyeusi kwa wino.

"Bwana Fung, nimeleta ukurasa."

"Weka mezani, Bi Luk."

"Usome kwanza."

"Nitausoma nikiupanga. Ndivyo nilivyousoma ule mwingine."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema, "Nilikosa adabu kukujibu gazetini."

Akageuka. Hakuwa na hasira, angekuwa nayo ingekuwa rahisi. Akasema, "Asubuhi yake nilikwenda kunywa chai. Mkahawa mzima ulikuwa unamhurumia mwendesha mashua. Mzee mmoja alilia mbele yangu. Ikabidi nimbembeleze mimi."

Nikacheka. Sikutaka, kicheko kikatoka chenyewe, nikaziba mdomo kwa ukurasa. Naye akaanza kutabasamu upande mmoja, kisha wa pili. Akauchukua ukurasa mkononi mwangu, akausoma amesimama, midomo ikicheza. Akafika chini akausogeza dirishani.

"Hapa mwisho Ah Kiu anasema 'ndiyo' au 'labda'?"

"Ndiyo. Wino ulimwagika."

"Nataka kusikia. Nisije nikapanga kosa."

Nikasema ndiyo. Nikasema tena, kwa sababu mashine zilikuwa zinanguruma. Vijana wa matbaa, ambao nilidhani wana kazi zao, wakaanza kugonga meza kwa koleo na vijiti vya chuma, na mhariri akaja mbio akidhani kuna moto.

Mama yako


Guangzhou, 12 Januari 1987

Mwanangu Lap-man,

Barua hii ikukute kabla hujapanda treni ya kuja nyumbani.

Sehemu ya mwisho imesomwa. Bwana Ho alirudi na mto ukiwa umejaa, wakaoana, kichochoro kikalia kama msiba. Bi Tong alikumbatia nguzo. Akasema, "Jani la Chai nimekusamehe, hata kama una mguu mmoja."

Siku tatu baadaye niliwaambia majirani kwamba nami naolewa, na mgane wa matbaa. Nilitegemea mengi, ila si hili. Bi Tong aliweka chini kikapu chake cha mboga, akanitazama juu mpaka chini.

"Bi Luk," akasema kwa upole kama anayezungumza na mgonjwa, "hadithi ya gazetini ni hadithi ya gazetini. Umeisoma sana, imekuingia kichwani. Sasa unamwiga Ah Kiu!"

"Simwigi, Bi Tong."

"Unamwiga! Mjane, mgane, kila kitu! Kasoro uji!" Akawageukia wengine. "Haya ndiyo madhara ya kusoma!"

Dada yako alilazimika kukimbilia ndani, nilimsikia akijigonga kwenye kabati. Mimi nikakaa ngazini nikacheka mpaka nikakosa pumzi, jambo ambalo Bi Tong alilichukua kuwa ni dalili mbaya zaidi. Jioni hiyo aliniletea supu ya kutuliza akili. Nimeinywa. Ilikuwa nzuri.

Jana tulikwenda kujiandikisha. Bwana Fung alikuja kunichukua kwa baiskeli, amevaa koti jipya, na kwenye kikapu cha mbele ameweka jogoo mkubwa mwenye utepe mwekundu, kama desturi ya kijiji chao. Alipofika mlangoni akataka kunisalimia kwa adabu, akainama, kamba ikalegea. Lap-man, jogoo yule aliruka kama amesubiri siku hiyo maisha yake yote! Alipita juu ya kichwa cha mzee wa ghorofani, akaangusha nguo za watu zilizoanikwa, akaingia nyumbani kwa Bi Tong, akatoka upande wa pili. Kichochoro kizima kikamkimbiza, wenye mafagio, wenye mabeseni, Bwana Fung mbele na koti lake jipya, Bi Tong nyuma akipiga kelele, "Mzibieni huko! Bwana harusi, mzibie! Wewe una miguu miwili, itumie!" Huyo ndiye mtu aliyetaka kuniuguza siku chache kabla.

Walimkamata nyuma ya duka la makaa. Bwana Fung akarudi amembeba kifuani, koti limejaa manyoya, shavu limekwaruzwa, na majirani wamemzunguka wanampiga mgongoni na kumwita kwa jina. Alikuja kichochoroni mgeni, na hata chai alikuwa hajanywa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na pini yangu, hakuna aliyekumbuka kuniangalia, nami nilimwangalia yeye. Tulichelewa kujiandikisha. Karani alitaka kujua kwa nini bwana harusi anatoka damu.

Karamu inakungoja wewe. Njoo na Mzee Wei, mwambie nimesema, nafasi ipo. Bwana Fung ana wasiwasi kuhusu kukutana nawe, amenyoa nywele mara mbili wiki hii. Ukifika usimkazie macho. Mwite Mjomba Fung, umkabidhi mifuko yako aibebe, atafurahi.

Treni ikichelewa, tutakungoja stesheni hivyohivyo, sote.

Mama yako,
Luk Sau-king